Mkono Uulizao

Katika kata ya Marungu, ambako barabara kuu itokayo Mombasa hupita katikati ya mji mdogo wa Maungu kabla ya kufika Voi, mtu afanyaye kazi ya kuchua viungo hakosi mgongo wa kumngoja mlangoni. Nchi ni kavu, mvua ni haba, na tangu zama za kale riziki ya mahali hapa imebebwa kwa shingo, kwa bega na kwa kiuno. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kufuata pembe barani ilivuka nyika ya Taru kwa kiu kali, ikatua chini ya kilima cha Maungu, na hapo wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, walilazimika kuupanda mlima kuyatafuta maji yaliyokuwa juu miambani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliwapumzisha wapagazi, ila haikuipumzisha migongo ya watu. Baada yao walikuja wakata mkonge wa mashamba ya Voi na Mwatate, wachoma makaa, wanawake wachukuao mitungi ya maji, waendesha bodaboda, na madereva wa malori ambao huegesha Maungu usiku kutafuta chakula na usingizi. Wote hao nimewachua, na wote wamenifunza.

Vijana wanaojifunza kazi hii hunijia wakitaka niwaonyeshe jinsi ya kushika, kubonyeza na kuvuta. Wanataka mikono, na mimi huwapa maswali kwanza, jambo ambalo aghalabu huwaudhi. Siwalaumu, kwa maana hata mimi nilipokuwa mtoto niliyekaa pembeni mwa jamvi la bibi yangu mzaa mama, nilidhani kwamba ustadi wake wote ulikuwa katika vidole gumba vile viwili vyeusi vilivyong'aa kwa mafuta ya nazi. Alikuwa mkunga na mchuaji. Hakujua kusoma, wala maishani mwake hakuona picha ya mifupa ya binadamu. Lakini kabla hajamimina mafuta kiganjani alikuwa akiuliza maswali mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi mno hata nikiyaandika sasa nayasikia kwa sauti yake. La kwanza: "Mwanangu, maumivu haya yalikuja au yaliletwa?" Na la pili: "Hulala nawe, au hukuamsha?"

Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu uzito wa maneno hayo. Maumivu yaliyoletwa yana mwenyewe: mtungi uliotwekwa vibaya, kuanguka kutoka juu ya pikipiki, siku nzima ya kuinama shambani, hayo mkono waweza kuyazungumzia. Maumivu yaliyokuja yenyewe, bila kazi wala kishindo, sharti yatiliwe shaka mpaka yajieleze. Vivyo hivyo maumivu ya misuli iliyochoka, kwa kawaida, hupungua mtu akijilaza na kupata mkao unaomfaa. Ilhali yale yamwamshayo mtu usiku wa manane, yasiyojali amelala ubavu gani, huenda yakawa na asili nyingine kabisa, katika mfupa, katika kiungo cha ndani, au katika uvimbe ambao mchuaji hana rukhsa ya kuugusa. Nilipokwenda Mombasa kusoma kazi hii rasmi, nikaona vitabu vimegawanya mambo hayo katika kurasa nyingi zenye vichwa vya habari na jedwali. Na kila nilipofunua ukurasa nilimwona bibi amekwisha kupita hapo.

Hata hivyo sitaki kumtukuza bibi kupita insafu, kwani yapo ambayo hakuyajua, na kutoyajua kuna hatari. Hakujua kwamba nyuma ya goti, katika ule mkunjo laini usio na mfupa wa kuukinga, hupita ateri na vena kubwa na neva ya mguu, kwa hiyo hapabonyezwi kwa kidole gumba. Hakujua habari za mbele ya shingo, za kwapa, za kinena na za mkunjo wa ndani wa kiwiko, ambako vitu vya thamani vimepita karibu na ngozi. Hayo niliyapata kwa mwalimu wangu, mama mmoja mpole mwenye umri wa makamo, ambaye alikuwa na desturi ya kutufunga macho kwa leso na kutuamuru tuisome mifupa ya mwenzetu kwa ncha za vidole. Alisema kuwa mwanafunzi aliyekariri mifupa yote 206 kwa ajili ya mtihani, kisha akashindwa kuufuata mtulinga kutoka kidarini mpaka ukutanapo na kombe la bega, hajajifunza kitu. Tulianza nyuma ya shingo, kwenye kinundu kinachojitokeza mtu akiinamisha kichwa, ambacho kwa wengi ni pingili ya 7 ya shingo. Kutoka hapo tulishuka pingili 12 za kifua, tukitambua kwamba ncha ya chini ya kombe la bega iko kadiri ya pingili ya 7 kati ya hizo. Kisha tukaweka viganja juu ya kingo za nyonga, kulia na kushoto, tukavikutanisha vidole gumba mgongoni, na hapo tukawa tumeifikia pingili ya 4 kati ya zile 5 za kiuno. Mpaka leo sijaona njia iliyo bora ya kumfundisha mtu mgongo. Macho yakifungwa mkono hauna budi kufikiri.

Elimu hii si ya jana wala si ya taifa moja. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun alichokimaliza mnamo mwaka 1025, alieleza kwamba kusugua mwili kwa nguvu hukaza, kusugua taratibu hulegeza, kusugua kwa muda mrefu hukondesha, na kusugua kwa kiasi hujenga. Mtu huyo aliyeandika juu ya homa, mapigo ya moyo na dawa mamia kwa mamia hakuona kuwa mkono juu ya ngozi ni jambo dogo lisilostahili nafasi katika tiba. Nawaambia wanafunzi wangu walikumbuke hilo kila wanapoambiwa na watu wa mjini kwamba kazi yetu ni anasa ya hoteli za pwani.

Sasa nieleze habari ya dereva mmoja, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Alikuja jioni, lori lake limeegeshwa ng'ambo ya barabara, ametoka mpakani Malaba na shehena ya kupeleka bandarini, na safari ilikuwa imecheleweshwa na foleni hata akawa amekaa juu ya kiti kwa siku kadhaa akishuka kwa nadra. Alikuwa mtu mnene, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mcheshi. "Mama," akaniambia, "nikandie shavu la mguu huu wa kushoto tu, umekaza kama kamba, nikitoka hapa niko Mombasa usiku huu huu." Nikamwomba aketi. Nikamuuliza kama maumivu yalikuja au yaliletwa, akasema yalikuja. Hakujikwaa, hakuruka, hakubeba kitu. Nikamuuliza kama amewahi kupasuliwa, kama ana maradhi ya moyo au sukari, kama anatumia dawa yoyote, na kama kifua chamuuma au pumzi zamkatika. Yote akakana, na uso wake ukaanza kuonyesha kwamba ameyachoka maswali.

Nikamtaka avue viatu na soksi vyote viwili, kwa maana mguu mgonjwa hausomeki ila kando ya mwenziwe. Soksi ya kushoto ilikuwa imeacha mfuo mwekundu uliozama nyamani, ya kulia haikuacha alama. Ngozi ya shavu la kushoto ilikuwa imevutika na kung'aa. Nikaweka nyuma ya kiganja changu, si tumbo la kiganja, kwa kuwa nyuma ya mkono huhisi joto vyema zaidi, kwanza kulia, kisha kushoto. Kushoto palikuwa na moto wa dhahiri. Nilikuwa na uzi wa katani wa kufungia vikapu. Nikaupima mguu wa kulia kwa upana wa vidole vinne chini ya goti, nikauzungusha, nikautia fundo. Nikaupeleka uzi ule ule mguu wa kushoto mahali pale pale, na ncha hazikukutana: uliobaki wazi ulikuwa upana wa vidole viwili na ushei. Sikubonyeza. Nilimwambia kwamba sitauchua mguu ule kwa malipo yoyote, na kwamba naye asiusugue wala asimpe mtu mwingine ausugue, bali aende hospitali ya Voi wakati huo huo, na mtu mwingine amwendeshe.

Alikasirika, tena kwa haki yake, kwani mtu aliyekuja kutafuta raha akapewa hofu hawezi kushukuru papo hapo. Lakini turniboi wake alikuwa na busara. Wakaliacha lori chini ya ulinzi wakapanda matatu. Huko akapimwa, akaonekana ana bonge la damu katika vena ya ndani ya mguu, akalazwa na kuanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Alirudi baadaye kunisalimu.

Wanafunzi hupenda kisa hiki kwa sababu kimeisha kwa heri. Mimi nataka wakipende kwa sababu ya kile kilichomo ndani ya mguu. Chini ya shavu la mguu, nyuma ya msuli ule mnene tunaouona mtu akisimama kwa vidole, upo msuli mwingine mpana, na kati ya nyama hizo hupita vena za ndani, zenye vilango vidogo ambavyo huiruhusu damu kupanda wala haviiruhusu kushuka. Kila hatua mtu anayopiga, misuli huzikamua vena hizo na kuisukuma damu juu kuelekea moyoni. Mtu akikaa siku kutwa miguu ikining'inia, kazi hiyo husimama; damu hutuama, na ikituama huweza kuganda. Bonge hilo likiwa limetulia mahali pake ni maradhi. Likibanduliwa, ni msiba, kwa kuwa njia yake ni moja: hupanda pajani, hupita tumboni kwa vena kuu, huingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo hupelekwa mapafuni, ambako njia ni nyembamba na bonge haliwezi kupita. Kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo hupita kwanza mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto ni jambo aliloliandika Ibn al-Nafis mwaka 1242, karibu karne nne kabla ya Harvey wa Uingereza kutangaza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Mwanafunzi aijuaye njia hiyo hahitaji kukaririshwa orodha ya makatazo. Ataona mwenyewe, akiwa ameshika mguu wa watu, mahali ambapo nguvu ya vidole vyake ingeweza kufika.

Hali kadhalika mgongo. Kuna mzee mmoja aliyeletwa kwangu na wanawe, ambaye alikuwa amechuliwa na watu kadhaa kwa muda mrefu, na kila mmoja alimwambia ni baridi yabisi. Nilimtazama akivua shati. Katikati ya mgongo pingili moja ilikuwa imechomoza nje, kali, kana kwamba mfupa umevunjika na kuinamia mbele. Maumivu yalikuja, tena humwamsha, nguo zake hulowa jasho usiku, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya mawili. Kifua kikuu hakiishi kifuani tu. Huweza kuila mifupa ya uti wa mgongo, kama alivyoeleza daktari Percivall Pott wa London mwaka 1779, na pingili iliyoliwa na maradhi ikisukumwa kwa kiganja huweza kuubana ugwe ulio ndani yake na kumpoozesha mtu miguu. Dawa zake zipo, na hutolewa bure katika hospitali za serikali. Jambo linalonisikitisha mpaka sasa ni kwamba waliomchua kabla yangu walikuwa na mikono mizuri. Hawakumvua shati tu.

Kwa wakata mkonge mambo huwa afadhali, kwani maumivu yao, kwa sehemu kubwa, yaliletwa. Ila hata hapo napima. Humlaza mtu chali, nikauinua mguu wake ulionyooka bila yeye kujisaidia; maumivu yakimchoma kutoka kiunoni yakapita goti kushuka chini kabla mguu haujasimama wima, nashuku kwamba mzizi wa neva umebanwa kwenye pingili za kiuno. Neva ile kuu ya mguu, nene kuliko zote mwilini, hutoka huko, hupita chini ya misuli ya tako na kushuka nyuma ya paja. Kuigandamiza kwa kiwiko, kama nilivyoona wengine wakifanya kwa fahari, ni kumwongezea mtu adhabu. Na swali ambalo wanafunzi huona haya kuliuliza mimi hulilazimisha: je, haja ndogo yaja na kwenda kwa amri yako, na je, sehemu unayokalia ina ganzi? Jibu baya katika maswali hayo halingoji kesho. Ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Bega lina hadaa zake. Huambiwa na wanafunzi, "Bega lake lauma," nami huwauliza, "Anaumia akiliinua mwenyewe, au hata ukimwinulia?" Daktari James Cyriax wa Uingereza ndiye aliyeusimika utaratibu huu katika karne ya 20: ikiwa mkono uliolegezwa na kuinuliwa na mwingine hausumbui, lakini mwenyewe akivuta dhidi ya kizuizi huumia, ghasia iko katika msuli au kano, ikiwa njia zote mbili zimefungwa, kiungo chenyewe kina neno. Lakini lipo bega lisiloumia kwa njia hizo zote mbili. Mtu asiyeumia bega likichezeshwa, ila ana uzito kifuani unaopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto kila apandapo mlima, anauleta moyo wake kwa mchuaji. Na maumivu ya ncha ya bega la kulia baada ya mlo wa mafuta yaweza kutoka katika nyongo. Mwili hausemi uongo, ila mara nyingine husema kupitia jirani.

Huku kwetu sharti niongeze la selimundu, kwa kuwa maradhi hayo yameenea katika nchi zilizotawaliwa na malaria, na mtoto aliaye kwa maumivu ya mifupa ya miguu na mikono huletwa kuchuliwa kabla ya kupelekwa kupimwa damu. Joto la taratibu na faraja anastahili. Nguvu ya vidole hastahili.

Yote haya hayawezekani bila staha. Mwanamke hatanieleza habari za mimba iliyotoka mlango ukiwa wazi, wala mzee hatanieleza ya haja ndogo mbele ya mkwewe. Kwa hiyo faragha ni sehemu ya kipimo, si mapambo: mlango hufungwa, leso hufunika kila sehemu isiyoshughulikiwa, idhini huombwa kabla ya kugusa na huombwa tena kabla ya kuhamia mahali papya. Na kabla ya mtu kulala namtazama akija kutoka barabarani, maana asiyejua kwamba anatazamwa hutembea kwa ukweli. Kisha nayatazama makubazi yake. Akala, yale yaliyokatwa kwenye mipira ya magari, hudumu miaka, na huweka kumbukumbu ya mwendo wa mtu vizuri kuliko yeye mwenyewe: kisigino kilicholika upande wa nje, kidole gumba kilichochimba shimo, mguu mmoja mzima na mwenziwe umekwisha. Mara nyingi nimeanzia kwenye kiatu nikaishia kwenye nyonga.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba maswali mengi hufukuza wateja, na kwamba mtu anayemtuma mteja hospitali ameitupa riziki yake barabarani. Nayaelewa maneno yao; kodi ya nyumba haiulizi sababu. Lakini sisi si madaktari, na wataalamu wa tibamaungo nao, ambao tangu mwaka 2014 wana sheria yao hapa Kenya, wana mipaka na leseni zao. Kilicho chetu ni kujua kwa yakini tunachogusa, na kumfikisha mtu kwa mwenye jukumu mapema, na barua fupi mkononi inayosema nini kimeonekana, upande gani, tangu lini. Barua hizo nawafundisha wanafunzi kuziandika bila kutaja jina la ugonjwa, kwa kuwa kulitaja si kazi yao.

Juzi mmoja wao alinijia na daftari lake akitaka nimsaidie. Alikuwa amempokea msusi wa vikapu vya mkonge, mama wa makamo, ambaye mikono yake hufa ganzi. Alikuwa ameuliza kama ganzi ilikuja au ililetwa, alikuwa ameandika kazi, umri na dawa, na alikuwa ametazama kama nyama ya chini ya kidole gumba imepungua. Nikampa hongera. Kisha nikamwambia arudi akaulize vidole vipi: ikiwa ni gumba, cha shahada na cha kati, neva iliyobanwa yaelekea kuwa ile ipitayo katika mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono, ambayo husumbua zaidi usiku, ikiwa ni kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, apande mpaka ndani ya kiwiko, na ikiwa ni mkono wote pamoja na bega, aanze shingoni, aulize pia huyo mama huchukua mitungi mingapi ya maji kwa siku, na huichukulia kichwani au mgongoni. Aliandika yote. Akaniuliza amchue au asimchue. Nikamwambia, "Nenda ukaulize kwanza, mwanangu, kisha njoo unieleze wewe."